MALALAMIKO: PIKIPIKI MLIYONIUZIA KUNA MTU MWINGINE ANAIZIMA AKITAKA

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa ile Boxer nyekundu ya cc 150 niliyoichukua hapo yadi kwenu Nyakato, Mwanza, kwa sh 1,900,000 taslimu, risiti ya EFD ninayo, mkataba wa mauziano wenye muhuri wa wakili ninao, na kadi tumeshabadilisha jina TRA. Kijana wenu wa mauzo nimempigia mpaka ameacha kupokea, ndo maana naandika, na nakala nimempa mwenyekiti wa mtaa wetu.

Ishu ni hii. Ndani ya pikipiki mmeniuzia kuna kidude cha GPS chenye laini ya simu ambayo siyo yangu, kimeungwa kwenye nyaya kiasi kwamba mtu akiwa amekaa kwake anaweza kuzima injini mimi nikiwa barabarani. Na ameshaizima, zaidi ya mara moja.

Kazi yangu ni kuuza nyavu, kamba na maboya, mzigo naufunga Kirumba naupeleka kwa wavuvi upande wa Sengerema. Zamani ulikuwa unakaa foleni ya feri pale Kigongo mpaka unachoka, tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa tunapita juu kwa juu, kama kilomita tatu umefika Busisi. Sasa vuta picha uko katikati ya daraja, upepo wa ziwa unakupiga ubavuni, nyavu zimejaa nyuma, nyuma yako lori na nyuma ya lori basi la Geita, afu injini inakata. Haikukohoa kama inavyofanya mafuta yakiisha, wala haikupunguza nguvu, ilikata tu. Dereva wa lori Mungu ambariki alikuwa mwepesi wa breki, matusi aliyonitukana nimeshamsamehe. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, nikaisukuma hadi Busisi na mzigo wake, nikakaa kwa mama ntilie nikanywa chai, nakuja kupiga kiki hii hapa inawaka freshi kabisa kama haijawahi kuumwa.

Mjini hainisumbui. Igoma, Buhongwa, Pasiansi, kote naenda. Nikishaipita Usagara tu ndo naanza kusali, na nilivyoelekea Magu ikafanya yaleyale baada ya Kisesa. Nikampigia kijana wenu akasema plagi, nikabadilisha plagi. Akasema koili, nikanunua koili. Akasema mafuta yana maji, nikasafisha kabureta. Mwisho wa yote akaniambia eti mama, labda unashika krachi vibaya, pikipiki hizi zinataka mwanaume. Meneja mwambie huyo kijana mi nimeendesha pikipiki kabla hajaota ndevu, na krachi haijui kama umefika Usagara au bado uko Mkolani.

Fundi wangu wa Mabatini, mtu mzima, hakuanza na plagi. Aliniuliza kwanza inazimikia wapi. Nilivyomtajia maeneo akacheka, akasema mama hii haiumwi, hii inaangaliwa. Akang'oa siti, akatoa tanki. Kule chini nyaya zote zimefungwa tepu ya siku nyingi imepauka kwa vumbi na oili, ila sehemu moja karibu na chesisi tepu ni nyeusi tii, inang'aa. Akaichana kwa wembe. Ndani kuna kiboksi cheusi cha kuenea kiganjani kimeviringishwa sponji, zinatoka nyaya nne: nyekundu imeenda moja kwa moja kwenye betri, nyeusi ni eathi, ya rangi ya chungwa iko kwenye swichi ya ufunguo ili ijue umewasha au umezima, na njano imeenda kwenye rilei, yaani kiswichi kidogo kinachoendeshwa na umeme. Hiyo rilei ndo mchawi wangu. Waya wa kupeleka moto umekatwa katikati, ncha moja imeingizwa kwenye rilei na nyingine imetokea upande wa pili, na wameunga kwa kusokota na mkono, hata lehemu hawakuweka. Hapohapo nikaelewa kwa nini ikilala siku mbili tatu betri inaamka hoi, kumbe kuna mtu anakula umeme wangu usiku na mchana.

Fundi akanieleza inavyofanya kazi. Kidude kinasoma setilaiti kinajua kiko wapi, kinatuma taarifa kwa ile laini, mwenye laini anachora mstari wa mpaka kwenye simu yake, ukivuka mpaka anapata meseji, akitaka anatuma amri na rilei inakata moto. Akiamua kukuonea huruma anatuma nyingine inawaka. Maana yake kuna mtu kila nikivuka Usagara simu yake inalia, na usiku anajua nimelala wapi.

Kwa anavyosema fundi, vidude hivi vinafungwa sana kwenye boda za mkataba, zile dereva anapeleka hesabu kila siku au kila wiki mpaka amalize ndo iwe yake, akichelewesha hesabu tajiri mwenye pikipiki anaizima. Lakini mimi kijana wenu aliniapia mmiliki ni mmoja, mwalimu wa kike, ilikuwa ya kwenda shule na kurudi! Fundi alipobandua ile stika kubwa ya simba kwenye tanki tukakuta namba ya kijiwe imepigwa kwa rangi nyeupe. Mwalimu gani anapaki kijiweni? Sasa sielewi, huyo dereva alimaliza hesabu akauza au alinyang'anywa? Kuna anayedai? Tajiri anajua pikipiki imeuzwa au anadhani mimi ndo dereva wake niliyekimbia na mali? Maana kama anadhani hivyo basi ipo siku nitakutana naye barabarani akiwa na vijana, na mimi sina cha kumwambia zaidi ya jina la yadi yenu.

Kuna mengine tumeyakuta. Sproketi ya nyuma siyo yake, wameweka ya meno machache ili ikimbie, ndo maana kupanda Bugando na mzigo inalia, na eksozi imetolewa vitu vya ndani. Hayo siyaweki kwenye madai, ukinunua mtumba utegemee mtumba, sproketi nitabadilisha mwenyewe.

Na GPS yenyewe wala siipingi, kwa jinsi pikipiki zinavyoibiwa mji huu mngeniambia ipo ningefurahi, mngenikabidhi laini na password nikaitumia mwenyewe. Mlichofanya nyie ni kama kumuuzia mtu mtumbwi huku kamba mmeiacha mkononi mwa mtu mwingine ufukweni.

Mpwa wangu anasoma sheria pale SAUT Malimbe, ameniambia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji ampe mnunuzi mali atakayoitumia kwa amani bila mtu mwingine kuwa na haki juu yake ambayo mnunuzi hakuambiwa. Na kufuatilia mtu alipo bila kumwambia kunaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sijapenda kufika huko, nina nyavu za kuuza, lakini mkinilazimisha naanzia Tume ya Ushindani, FCC.

Ninachotaka kwanza ni jina la aliyewaletea hiyo pikipiki na la mwenye laini. Msiniambie hajulikani, laini siku hizi haisajiliwi bila alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo ina mwenyewe. Halafu nataka barua yenu yenye muhuri inayosema pikipiki haina deni la mkataba la mtu yeyote, na kama lipo mlimalize nyie na huyo tajiri, mimi msinikutanishe naye. Hela yangu ya koili, plagi, kabureta, fundi na kirikuu kilichonivuta kutoka Kisesa ni sh 145,000, risiti nimebandika nyuma ya barua hii. Kama barua ya deni hamuwezi kuitoa, basi chukueni pikipiki yenu mnirudishie 1,900,000 yangu na hiyo 145,000 juu.

Na zile nyingine zilizokuwa zimepangwa hapo yadi siku nanunua, zenye stika za simba hizohizo, fungueni matanki mwangalie kabla hamjamuuzia mtu. Mlizoshauza wapigieni wenyewe, namba zao mnazo.

Kidude tumekitoa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tumepiga picha kikiwa bado kimeungwa, na waya wa moto fundi ameurudisha ulivyotakiwa kuwa. Kiko kwa mwenyekiti pamoja na laini yake, hakuna aliyeichezea. Mje mkichukue kabla ya Ijumaa, na aje meneja mwenyewe, yule kijana wa krachi abaki yadi. Namba yangu iko kwenye mkataba.

Mteja wenu,
Mama Nyavu, Kirumba