Ushuru wa muguka na vidonge vya mwanangu

Mhariri,

Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, Rais alisema amri ile haina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Mabishano yote niliyasikia redioni huku nakanda unga wa mahamri. Wakulima walisemewa, wachuuzi walisemewa. Sisi tulio na wagonjwa ndani, hakuna aliyetubishia hodi.

Mwanangu wa pili ana miaka 23. Alikuwa akiendesha tuktuk ya watu, akaanza kutafuna ili akeshe barabarani. Muguka ni bei nafuu kuliko miraa: majani matupu, unayabugia na jojo na njugu. Mimi huamka saa tisa usiku kuwasha jiko, na kila nikiamka namkuta macho, keshanitekea maji. Nikasema mtoto kanionea huruma. Kumbe halali. Na akitaka usingizi uje, anavuta bangi juu yake.

Siku moja nikamkuta ameifungua redio yangu kwa bisibisi, skrubu kazipanga kwenye sinia la mahamri, anamtafuta mtu anayemtaja jina mle ndani. Matundu ya ukuta kayaziba kwa vitambaa. Chai yangu hanywi, eti jirani kanipa kitu nimtilie.

Wifi yangu akasema ni jini. Tukamsomea, tukamnywesha kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, wiki tatu zikapita. Kusomewa sikujutii, hizo wiki tatu ndizo zinazoniuma.

Hospitalini muuguzi aliniuliza kwanza, "Mama, mara ya mwisho alilala lini?" Sikuwa na jibu. Daktari akaniambia ugonjwa unaitwa saikosisi. Muguka huchangamsha ubongo kama zile dawa za amfetamini, na mtu akitafuna mwingi kila siku bila kulala, anaweza kuanza kusikia sauti na kumshuku kila mtu. Nikamuuliza, mbona wenzake wa stejini wazima? Akasema miili haifanani, bangi nayo huzidisha, na kama kwenye ukoo yuko aliyewahi kuugua akili, hatari huwa kubwa zaidi. Nikamkumbuka ami yake, yule tuliyesema karogwa.

Sasa sauti zimenyamaza. Wanaotumia heroini angalau wana methadoni, dawa ya kuwasaidia kuiacha. Wa muguka hawana dawa ya namna hiyo. Mwanangu anategemea vidonge vya kutuliza akili, usingizi, kutotafuna tena, na mtu wa kuzungumza naye. Mtu huyo ni mimi, na mimi ni muuza mahamri. Kliniki ni mara moja kwa mwezi, ng'ambo ya feri na matatu mbili. Mara nyingi tunafika tunaambiwa dawa imekwisha, tukanunue nje.

Kupiga marufuku au kutopiga, mjadala huo una wenyewe. Langu ni hili: gari la muguka likiingia kaunti hulipa ushuru. Pesa hizo zimenunua vidonge vingapi? Kwa nini zahanati ya mtaani isipewe muuguzi mmoja wa afya ya akili na kabati moja la dawa, mama asisubiri wiki tatu kama mimi?

Kliniki yetu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Jana nimehesabu, vidonge vimebaki vinne.

Muuza mahamri,
Likoni, Mombasa