Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: Kabla ya kugawa kozi ya uwakili, tazameni mafunzo ya vitendo

Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba,

Pokea salamu za heshima kutoka Arua.

Nakuandikia kama mhitimu wa kozi ya uwakili, ile stashahada ya miezi tisa ambayo mwenye shahada ya sheria hapa Uganda hana budi kuifaulu ndipo aandikishwe kuwa wakili. Tangu sheria ya mwaka 1970 ilipounda Kituo cha Maendeleo ya Sheria, yaani LDC, kozi hii imekuwa ikifundishwa na taasisi hiyo peke yake, kwanza kilimani Makerere na siku hizi Mbarara na Lira pia. Serikali imetangaza nia ya kubadili utaratibu huo: vyuo vikuu viruhusiwe kufundisha, kisha chombo kimoja cha taifa kisimamie mtihani. Naunga mkono. Kenya walishatenganisha kazi hizo mbili, Kenya School of Law ikifundisha na Baraza la Elimu ya Sheria likitahini.

Kinachonisumbua ni kwamba mjadala wote umeishia kwenye mtihani. Nani atautunga, nani atausahihisha, wangapi watapita. Majirani zetu Tanzania walikuwa na mjadala kama huo mwaka 2022, ilipojulikana kwamba kati ya watahiniwa 633 wa shule yao ya sheria ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. Sijasikia watu wengi wakiuliza mwanafunzi anafundishwa nini, na nani, anapopelekwa kwenye ofisi ya mawakili au mahakamani kujifunza kazi. Kwa niliyoyaona, hapo ndipo wakili anapopatikana au anapopotea.

Jambo lililonifaa kuliko yote ni kliniki ya msaada wa kisheria. Kanuni za mwaka 2004 zinamruhusu mwanafunzi wa kozi hii, chini ya usimamizi wa wakili, kusimama mbele ya hakimu kuwatetea watoto na watu wenye makosa madogo. Nakumbuka kijana aliyeshtakiwa kwa wizi wa simu. Hati ya mashtaka ilisema ana miaka 18. Wakili aliyetusimamia alitufundisha kuuliza umri kabla ya kuuliza chochote kuhusu kosa, kwa sababu umri ndio unaoamua kesi iende mahakama gani na mtoto azuiliwe wapi. Mama yake alikuwa na kadi ya chanjo nyumbani. Ilionyesha miaka 15. Mama huyo alikuwa Mnubi wa Bombo, Kiingereza hakijui na Kiluganda chake ni cha sokoni. Alinishika mkono akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, hawa wanasema nini?" Ibara ya 28 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani, lakini mzazi aliyekaa benchi la nyuma hana wa kumweleza kwamba wadhamini watatakiwa waje na vitambulisho na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Nilimweleza mimi. Niliyoyasoma darasani kuhusu dhamana niliyaelewa siku hiyo.

Kisha nikapelekwa kwenye ofisi ya mawakili mjini Kampala, nisiyoitaja. Nilipiga fotokopi, nikapeleka barua kwa boda, nikapakia nyaraka kwenye ECCMIS, mfumo wa kielektroniki wa mahakama. Kupakia nyaraka ni kazi ya wakili wa leo na siidharau. Lakini sikuwahi kuketishwa na mteja. Hoja nilizoandika hazikunirudia zikiwa na alama ya kalamu hata moja, na ripoti yangu ya mwisho ilitiwa saini bila kufunguliwa. Mwenzangu wa kundi moja alipata ofisi ndogo Soroti yenye wakili mmoja na karani mmoja. Yeye alikuwa mahakamani karibu kila siku. Akiandika hati ya kiapo inarudishwa, anaiandika tena, inarudishwa tena. Cheti chake na changu ni kimoja, na kilichotutofautisha ni bahati tu.

Halafu kuna suala la kuishi. Anayetoka wilaya za mbali kama Yumbe au Adjumani ameshalipa ada, kodi ya chumba Kikoni, chakula na nauli ya teksi. Anapofika ofisini anafanya kazi bila malipo, mara nyingi hata nauli hapewi. Nawajua waliokuwa wakikosa siku kadhaa za wiki ili watafute vibarua. Mwenye wazazi Kampala huchagua ofisi nzuri. Wengine huchukua ile wanayoweza kuifikia kwa miguu.

Hasara yake tunaiona huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi. Ardhi yetu nyingi ni ya kimila, na ibara ya 237 ya Katiba inaitambua pamoja na mailo (umiliki wa kudumu ulioanzia Buganda), umiliki huru na ya kukodisha. Ofisi za Kampala zinaishi kwa hati miliki: kupekua rejista, kujaza fomu za uhamisho, kuweka zuio. Niliporudi Arua, mzee wa ukoo mmoja alinijia na mgogoro wa mpaka unaojulikana kwa miti miwili na kaburi la babu yao. Fomu zote nilizozizoea hazikumsaidia. Alihitaji mtu wa kwenda shambani, kuwasikiliza majirani, kuchora ramani wanayoikubali wote na kujua lini shauri liende baraza la mtaa na lini liende kwa hakimu. Kazi hiyo hujifunzwa kwa kuongozana na anayeifanya, na anayeifanya yuko mikoani.

Mheshimiwa, mabadiliko yanayokuja yaseme wazi kuhusu mafunzo haya. Chuo kikuu kisicho na kliniki ya msaada wa kisheria inayopokea wateja wa kweli kisipewe kibali cha kufundisha kozi ya uwakili, hata kikiwa na majengo mazuri kiasi gani. Baraza la Sheria tayari hukagua ofisi za mawakili na kuziidhinisha. Katika ukaguzi huohuo liulize: mna wanafunzi wangapi, anayewasimamia ni nani, wamehudhuria kesi zipi? Mwanafunzi naye apewe nafasi ya kuitathmini ofisi kwa siri. Ofisi iliyothibitika kuwatumia wanafunzi kama matarishi isipelekewe wengine. Na serikali itenge posho, japo ya nauli na chakula, kwa wanaokubali kwenda kwenye mahakama na ofisi za waendesha mashtaka za mikoani. Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mwanafunzi aliye Koboko au Moroto, akisimamiwa vizuri, anaweza kufuatilia saa hizo kituo cha polisi kwa kituo, na akazungumza na mahabusu kwa Kiswahili pale ambapo lugha nyingine imeshindikana.

Naomba pia wahitimu wa miaka ya karibuni tusikilizwe, na wa kutusikiliza wafike hadi Arua, Moroto na Kabale, wasiishie kwenye kumbi za Kampala. Tutakuja na ripoti zetu zilizotiwa saini, na tutaeleza ukurasa kwa ukurasa tulichofundishwa na ambacho hatukufundishwa.

Wako katika utumishi wa sheria,

Mhitimu wa kozi ya uwakili, Arua