Madoa meupe kwenye eksirei tusikimbilie kusema kansa

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua mnapokea nyingi ila hili naona litawasaidia watu, hasa wale waliowahi kukabidhiwa bahasha ya eksirei wakaambiwa nendeni rufaa haraka.

Mjomba wangu ana miaka 58. Alianguka na bodaboda akaumia nyonga, sio sana, alikuwa anachechemea tu, akapelekwa hospitali moja huku mkoani wakampiga picha kuangalia kama kavunjika. Hajavunjika. Ila aliyeisoma ile picha kaona madoa meupe mengi, akamwambia hapohapo mbele ya wagonjwa wengine, mzee hii ni kansa ya tezi dume imeshasambaa kwenye mifupa. Damu haijapimwa, hajaulizwa mkojo unatokaje wala kama kapungua mwili, na mjomba mwenyewe ugali anakula na shamba analima! Kurudi nyumbani akasusa chakula, akaanza kuita watoto agawe mashamba, mbuzi wakauzwa, ndugu tukachangishana kwenye grupu la wasap, na wengine washaanza kumtaja jirani fulani maana walishagombania mpaka.

Ile filamu niliishika mwenyewe nikaielekeza dirishani. Kiukweli inatisha. Pale kichwa cha paja kinapoingia kwenye nyonga kumejaa vidoa vyeupe kama mtu kamwaga punje za mchele, vingine duara vingine virefu kidogo, vimebanana karibu na kiungo halafu ukishuka kwenye paja vinapungua mpaka vinaisha. Na kulia na kushoto ni vilevile, vinalingana kabisa, mimi sio daktari lakini hilo nililiona.

Kule rufaa tulimkuta daktari bingwa wa kusoma picha, mama mmoja mtaratibu, akaiangalia muda mrefu halafu akaagiza mjomba apigwe picha viganja na magoti. Mjomba akamuuliza, mbona mikono hainiumi? Akamjibu, ndiyo maana nataka niione, baba. Basi vile vifupa vidogo vya kwenye kifundo cha mkono vyote vina vidoa, ncha za mifupa ya vidole nazo, magoti nayo, ila mbavu na uti wa mgongo safi. Damu ya kuangalia tezi dume ikapimwa, iko sawa. Halafu akamgeukia binamu yangu aliyekuwa amemsindikiza baba yake, akamwomba naye apigwe kiganja kimoja. Vidoa vilevile! Na dada huyo hajawahi kuumwa hata goti.

Tukaambiwa inaitwa osteopoikilosisi. Ni vipande vidogo vya mfupa mgumu vilivyojitengeneza ndani ya ile sehemu ya mfupa yenye matundu matundu kama sponji, vingi havizidi milimita 10, na inarithiwa, mzazi mmoja akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Inakadiriwa anayo mtu 1 kati ya 50,000 hivi, wengi hawajijui mpaka wapigwe picha kwa sababu nyingine kabisa, kama mjomba. Haina dawa kwa sababu haihitaji dawa, wachache tu ndo viungo vinawauma kidogo. Na sio kitu cha jana, daktari wa Hamburg, Heinrich Albers-Schönberg, aliielezea mwaka 1915, na jeni inayohusika (kile kipande cha urithi mtu anachopata kwa wazazi), LEMD3, ikajulikana 2004.

Sasa sisemi aliyesoma picha ya kwanza ni mjinga, maana kansa ya tezi dume nayo huweka madoa meupe kwenye mfupa, kuchanganya inawezekana. Lakini ile ya kansa hupenda uti wa mgongo, nyonga na mbavu, madoa yake hayalingani ukubwa wala pande mbili hazifanani, na kwenye skani ya mifupa (sio eksirei, ni kile kipimo unachochomwa kwanza dawa yenye mionzi kidogo) inawaka wakati hii yetu kwa kawaida haionyeshi kitu. Pia mwenye vidoa hivi anaweza kupata kansa kama mtu mwingine yeyote, ndo maana damu ilipimwa. Ninachoomba ni kwamba anayeona madoa aseme naona madoa, yanahitaji vipimo zaidi, aishie hapo, na kama anaweza aagize picha ya mikono kwanza, kwetu sisi ilikuwa bei ndogo kuliko nauli ya kwenda rufaa. Na filamu au sidii tupewe jamani, siku hizi sehemu nyingine unaonyeshwa kwenye kompyuta halafu basi, unabaki kupiga na simu picha yenye mwanga wa balbu katikati.

Binamu aliuliza kama mtoto wake naye apigwe. Daktari akakataa, hakuna tiba ya kumpa kwa hiyo hakuna haja ya kumpitishia mionzi bure (huyo Albers-Schönberg mwenyewe mionzi ilimuumiza mpaka akakatwa mkono, akafa 1921). Badala yake akawaandikia wote wawili cheti, ili siku wakipigwa picha hospitali nyingine wasianze kuambiwa kansa upya.

Mhariri, kama mna daktari anayeandika mambo ya afya hapo gazetini, mwombeni atuwekee picha mbili bega kwa bega, ya hii na ya kansa yenyewe, watu waone tofauti.

Msomaji wenu,
Morogoro