Umefunga Diski Nyuma na Pedeli Bado Laini? Soma Hapa Kabla Hujasema Tumekula Hela Yako

Kuna mteja katuandikia kwa hasira kwamba tumemla hela. Alileta Hilux yake iliyofungwa breki za diski nyuma na fundi mwingine, pedeli laini, anasema yeye alikuja kutoa upepo tu, yaani hewa iliyonasa kwenye mafuta ya breki, ila akapewa bili ya kupima, ya kufungua kalipa (kile chuma chenye pistoni kinachobana padi kwenye diski) na ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) juu yake. Sio wa kwanza kusema hivo na tukijibu kwa meseji maneno hayaishi, kwahiyo leo tunaandika yote hapa ili ukija gereji ujue unalipia nini.

Hatupingi kutoa drumu na kuweka diski, hii kazi tunaifanya na tunaipenda. Anayepita kwenye majaruba ya Bahi kipindi cha mvua anajua drumu ikishaingia tope inavyokuwa, unakanyaga gari haishiki mpaka ikauke. Diski inakauka haraka na haichoki mapema kwenye mteremko. Ila kazi yenyewe sio kufungua drumu na kubandika kalipa ukaondoka. Mfumo mzima kuanzia kwenye pedeli ulipigiwa hesabu ya drumu, ukibadilisha kule mwisho lazima urudi kuangalia na huku mwanzo, na hapo ndipo watu wanapotaka kubana hela.

Mteja anasema pedeli laini, sisi tunauliza laini ya namna gani. Kuna ile inayodunda mguuni, hiyo mara nyingi ni hewa au kuna kitu kinapinda. Kuna inayoenda chini ukikanyaga mara ya kwanza, ukipampu mara mbili tatu inapanda na inakuwa ngumu, hiyo ni nafasi kubwa kati ya padi na diski au masta ni ndogo. Alafu kuna inayoshika vizuri lakini ukisimama kwenye taa inazama taratibu chini ya mguu, hapo masta inapitisha mafuta kwa ndani, kwenye mipira yake, au kuna mahali panavuja. Fundi anayechukua chupa ya mafuta na mpira wa kutolea upepo kabla hajauliza hilo swali anabahatisha na hela yako.

Kitu cha kwanza tunachoangalia, hata spana hatujashika, ni nipo, kile kiskrubu chenye tundu cha kutolea upepo, iko wapi. Lazima iwe juu kabisa ya kalipa. Kalipa ya kulia na ya kushoto zinafanana sana, na ukizibadilishana zinaingia vizuri tu, bolti zinakaa, padi zinakaa, ila nipo inageuka inaangalia chini. Hewa inapanda juu kama povu la soda na inabaki huko huko, wewe unatoa upepo kwa chini mafuta yanatoka safi bila hata tone la hewa, unaamini kazi imeisha, pedeli bado laini. Mzee mmoja mkulima wa zabibu wa Mpunguzi alikuja na pikapu yake ya hivo hivo, ameshanunua mafuta chupa baada ya chupa na kila fundi anamwambia bado kuna hewa. Walikuwa sahihi, hewa ilikuwepo. Tukabadilisha kalipa upande, tukaweka washa mpya za kopa, tukatoa upepo magurudumu yote, pedeli ikasimama jioni ile ile. Akatuuliza, sasa vijana wangu, kubadilisha upande tu ndio hela yote hii? Mzee, shikamoo tena, lakini kalipa hazikufunguka zenyewe, na aliyezifunga vibaya ulimlipa bila kumuuliza.

Kuna breketi zingine, vile vyuma vya kushikia kalipa, zinalazimisha kalipa ikae mahali ambapo nipo haiwezi kuwa juu. Hapo tunafungua kalipa, tunaweka kipande cha mbao katikati ya padi ili pistoni isiruke nje, tunaishika kalipa nipo ikiwa juu, tunatoa upepo alafu tunairudisha. Inachukua muda, na ule muda upo kwenye bili.

Kitu cha pili ni hendibreki, na hapa ndio pana kesi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kalipa nyingi za nyuma zina hendibreki humo humo ndani, pistoni yake inatembea kwa nati na skrubu, kwahiyo ukitaka kuirudisha unaizungusha, huibani na jiklampu. Ikifungwa ikiwa imerudi ndani yote, padi zinakaa mbali na diski na hakuna kutoa upepo kutakakozisogeza. Inabidi kebo iwe imelegezwa kabisa, ufanye kazi ule mkono wa kwenye kalipa mara nyingi mpaka padi ziguse diski, ndipo urudishe kebo. Shotikati ya mtaani ni kukaza kebo ili hendibreki ishike. Inashika kweli, ila sasa ule mkono haurudi mwisho wake na kalipa haiwezi tena kujirekebisha yenyewe, kadri padi zinavyoisha pedeli inazidi kwenda chini. Dada mmoja anayefanya kazi kule Mji wa Serikali Mtumba alikuwa na Escudo, wamemfungia kalipa za gari nyingine ndogo, ameshauziwa masta mbili kwa sababu ya tatizo hili hili. Masta zote mbili zilikuwa nzima. Tulichofanya ni kulegeza kebo na kuzirekebisha kalipa, na tulimchaji kazi ya kurekebisha tu, masta hatukumuuzia.

Sasa masta zenyewe. Wili silinda, ile inayosukuma breki ndani ya drumu, ina pistoni ndogo, kalipa ina pistoni kubwa inayotaka mafuta mengi. Chukua kalipa mbili zenye pistoni ya milimita 48, kila pistoni ikisogea nusu milimita tu zinataka karibu cc 1.8 za mafuta. Masta yenye kipenyo cha inchi 13/16 ili itoe hayo inabidi isukume zaidi ya milimita 5, na kwa kuwa pedeli inatembea mara nne au tano ya masta, tayari umekula karibu inchi nzima ya pedeli hata kabla breki za mbele hazijadai haki yao. Ukienda kwenye 15/16 eneo la ndani linaongezeka kama theluthi moja, pedeli inapanda. Ila mguu unatumia nguvu zaidi, kwahiyo hatuchukui kubwa kuliko zote na kubandika, tunapima kwanza na tunaangalia busta iliyopo, ile inayousaidia mguu kusukuma. Masta nyingi za Toyota size imeandikwa kwenye bodi yenyewe, angalia ya kwako.

Kujua kama kosa liko kwa masta hakuhitaji kuinunua mpya. Tunaziba matundu ya kutokea mafuta kwa plagi, tunakanyaga. Pedeli ikiwa juu na ngumu kabisa, masta iko sawa, kosa liko mbele ya hapo. Tunarudisha paipu, tunabana hozi ya nyuma kwa klampu yake maalum, pedeli ikisimama basi tatizo liko nyuma. Hiyo ndio kupima tunayokuchaji. Kuna vijana wanabana hozi kwa praizi, hozi inachanika kwa ndani huioni, alafu gari inaanza kuvuta upande mmoja na unarudi kulalamika kwa mtu mwingine.

Shotikati inayotuumiza roho kuliko zote ni masta ya mtumba. Inakuja imekaa kavu kwenye chombo, ndani ina kutu sehemu ambayo mpira haukuwa unafika. Kijana anatoa upepo anakanyaga mpaka chini kabisa, mpira unapita kwenye ile kutu, unachanika, na masta inaanza kupitisha siku ile ile. Hata masta yako ya zamani iliyokuwa nzima inaweza kufa hivo. Sisi tunaweka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike mwisho. Kipande cha mbao ni bure, masta sio bure.

Na tafadhali sana, usiongeze oili ya stelingi au ya injini kwenye breki kwa sababu umeishiwa porini. Ile mipira inavimba, na ikishavimba hakuna kusafisha, ni kubadilisha mipira yote kuanzia masta mpaka gurudumu la mwisho. Tumewahi kupokea Land Cruiser mkonga imefanyiwa hivo njia ya Kondoa kwa kuokoa bei ya chupa moja ya DOT 3, bili yake mwenye gari hakutaka hata kuiangalia.

Kwa wenye pikapu kuna ile valvu ya mzigo juu ya difu, inayopunguza presha ya breki za nyuma gari ikiwa tupu, yenye mkono unaoshuka hadi kwenye ekseli. Nyingi zina nipo yake na ina hewa yake, wengi wanairuka. Ukiinua gari kwa springi ndefu bila kurekebisha ule mkono, valvu inadhani gari haina mzigo na inanyima breki za nyuma presha, umelipia diski ambazo hazifanyi kazi. Kuifunga kwa waya iwe wazi muda wote ndio mbaya zaidi, siku ya mvua bila mzigo tairi za nyuma zinajifunga na gari inageuka.

Breketi iliyochomelewa kwa flatibaa nyembamba nayo inaleta pedeli laini. Mwambie mtu akanyage wewe uangalie kalipa, ukiiona inajipinda, hapo hakuna hewa ya kutoa. Beringi ikiwa na mchezo inayumbisha diski, diski inasukuma padi nyuma, kanyago la kwanza linaenda mbali la pili linashika.

Halafu kuna wale ambao mjini pedeli iko sawa, wakifika kushuka mlima Nyang'oro wakitoka Iringa inalainika. Baadhi ya masta za drumu zina kivalvu kinachobakiza presha kidogo kwenye paipu, kama psi 10, drumu inakihitaji ila kwa diski kinafanya padi zisiachie. Diski inachemka njia nzima. Mafuta ya DOT 3 mapya yanavumilia angalau nyuzi 205, yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 140, yakichemka ni mvuke na mvuke unabanika. Simama, gusa rimu za nyuma kwa tahadhari, zikiwa za moto sana kuliko za mbele usiendelee kushuka.

Bei yetu ya kupima ni 30,000 na ukifanyia kazi kwetu inakatwa kwenye bili. Spea za zamani tunakurudishia kwenye boksi uzione. Breki tulizofunga sisi zikilainika ndani ya miezi 3 tunapima bure. Zilizofungwa kwingine tunapima kwa hela, hata kama umekuja kwa jina la ndugu, na gari ambayo pedeli inagusa chini hatuiruhusu itoke getini ikiendeshwa, mwenyewe akitaka kuondoka nayo aje na gari ya kuivuta.