Una kitabu gani mkononi?

Shikamooni wakubwa. Vijana, habari za jioni.

Baridi hii ya Juni hapa Mbeya ikifika saa moja usiku kila mtu yuko ndani, basi naomba mniambie: mnasoma nini? Sisemi vitabu vya mtihani wala vya semina. Nasema kile unachosoma kwa raha yako mpaka chai inapoa.

Mimi niko na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Yusuf, bado mtoto, anapandishwa treni na tajiri anayemdhania ndugu, kumbe ametolewa kulipia deni la baba yake. Hapo nilifunga kitabu, nikachomeka tiketi ya basi la Iringa kwenye ukurasa, nikakaa kimya. Nina mtoto wa umri huohuo. Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar, lakini kitabu hiki kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na sisi tukakipata kwa Kiswahili 2022, baada ya yeye kupewa Nobel. Miaka 28! Kimenigusa sana kukisoma kwa lugha yetu.

Haya, tuma jina la kitabu na sehemu iliyokushika. Wasiopenda kuandika, sauti inatosha. Hata kama unarudia cha zamani, au umekwama ukurasa wa kumi, sema tu. Nakala za wizi za simu tusitumiane humu, waandishi wanaishi kwa kazi hiyo.

Jumamosi tukikutana Mwanjelwa njooni navyo, tuazimane.