Mkiandika mapigano yamesitishwa, andikeni ni ya siku ngapi

Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa huku Kigoma, dada yangu ameolewa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka wa tisa huu, kwa hiyo kila mkitoa "mapigano yasitishwa" kwa herufi kubwa watu wananipigia simu kunipongeza, aisee afadhali sasa shemeji zako wamepumua, mi naitikia tu asante.

Hebu tukumbushane. Tarehe 3 Februari 2025, Goma imeshaanguka, waasi wa M23 walioiteka wakatangaza kuanzia kesho yake wanasimamisha vita kwa sababu za kibinadamu, na mji wa Bukavu hawautaki. Tarehe 5 wameshaingia Nyabibwe, barabara hiyohiyo ya Bukavu! Tarehe 8 marais wa jumuiya za EAC (Afrika Mashariki) na SADC (Kusini mwa Afrika) wakakaa hapa kwetu Dar wakaagiza mapigano yasimame mara moja, na kufika tarehe 16 Bukavu nayo imekwenda.

Hata ambaye hajapita mafunzo ya jeshi JKT anaelewa, aliyeshinda juzi anahitaji siku mbili tatu azike watu wake, apandishe risasi na chakula, abadilishe vijana waliochoka, achimbe mahandaki kwenye vilima alivyovikamata, na yule aliyeshindwa askari wake wametawanyika, wengine wameshavua sare, kwa hiyo wote wanapumzika ila anayeamka na nguvu ni mmoja. Sipingi kusitisha jamani, ile ya Julai 2024 waliyoitangaza Wamarekani, wiki mbili zikaongezwa mpaka tarehe 3 Agosti, ilikuwa ili misaada ipite na watu warudi makwao, sawa, lakini mtu akirudi kwake halafu vita vikarudi nyuma yake inakuwaje?

Kinachoniuma mimi ni vichwa vya watu. Dada alikuwa na godoro limefungwa kamba, limesimamishwa mlangoni, na vyeti vya watoto kwenye begi la shule. Tangazo lilipotoka akalifungua, watoto wakalala chini vizuri, isipokuwa wa kati, miaka 6, alikataa katakata kuvua raba. Dada akanitumia voisi, anaongea kwa kunong'ona wakati nje kimya kabisa, anasema mabomu yakilia najua nawasukumia wapi watoto, sasa hivi mlango wa jirani ukijibamiza tu nakojoa. Habari za Nyabibwe zilipofika akalifunga tena lile godoro. Mara ya kwanza alilia, mara hii hakulia, na hapo ndo niliogopa.

Kwa hiyo ombi langu dogo tu, mkiandika tena, tuambieni ni ya siku ngapi, nani anashika barabara ipi siku hiyo, na nani yuko pale kuangalia atakayefyatua kwanza. Herufi kubwa punguzeni.

Yule mtoto raba zilimbana, wakamnunulia nyingine. Analala nazo.

Msomaji wenu, Kigoma