Kengele ya gesi ikilia usiku

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeniuliza: kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye moto usioungua vizuri, ikilia usiku, si inatosha kufungua madirisha na kurudi kulala? Haitoshi hata kidogo.

Sikiliza mlio wenyewe. Katika kengele nyingi, milio minne ya haraka, kimya kidogo, kisha minne tena, maana yake ni gesi. Mlio mmoja mfupi unaojirudia kila sekunde 30 hadi 60 kwa kawaida ni betri inayokwisha, au kengele iliyochakaa. Aina hutofautiana, kwa hiyo soma kijitabu chake mapema, mchana. Ukibaki na shaka, ichukulie ni gesi.

Waamshe wote mtoke. Kama jiko liko njiani na kulizima ni kugeuza swichi tu, lizime. Mlango mnaopitia uacheni wazi. Zaidi ya hapo usihangaike. Kupita chumba hadi chumba ukifungua madirisha ni kuendelea kuivuta, na kukitafuta chanzo kwa pua ni kazi bure, maana gesi hii haina harufu, rangi wala muwasho. Mkishafika nje hesabuneni, ndipo mpige simu ya dharura. Akikosekana mtu, waambieni zimamoto analala chumba gani. Msirudi ndani, hata kufuata simu, mpaka waliokuja na vipimo waseme hewa ni salama.

Najua utasema, “Mbona sisikii dalili yoyote mwilini?” Kengele hupima kiwango pamoja na muda. Zilizotengenezwa kwa viwango vya Ulaya, hewa ikiwa na sehemu 50 za gesi hii kwa milioni, hulia baada ya dakika 60 hadi 90; ikifika 300, hulia ndani ya dakika 3. Kwa hiyo inaweza kukuwahi kabla kichwa hakijaanza kuuma. Gesi yenyewe hung'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni katika damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na ikishalevya ubongo, uamuzi wako mwenyewe hauaminiki tena.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, mfano wa mafua yasiyo na homa. Mwenye dalili yoyote aende hospitali, na mjamzito aende hata akijiona mzima, kwani mtoto tumboni huumia zaidi. Huko tajeni gesi kwa jina, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni hudanganya: husoma damu iliyojaa kaboni monoksaidi kana kwamba imejaa oksijeni. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu.

Sasa yale madirisha. Ukiyafungua, hewa husafika na kengele hunyamaza, lakini chanzo kiko palepale. Ukiwasha hita ya maji asubuhi, mnaanza upya. Mwite fundi wa gesi, umweleze ni nini kilikuwa kinawaka. Atazame bomba la kutolea moshi kama limezibwa na masizi au kiota cha ndege, na kama moto wa gesi ni wa njano badala ya buluu. Gari lililoachwa likinguruma ndani ya gereji hatari yake ni ileile, hata mlango ukiwa wazi. Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, moshi wake ukielekea upande mwingine. Jiko la mkaa lisilale ndani kabisa. Watu hungoja mkaa ukolee, moshi uishe, ndipo waliingize chumbani, wakati makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi hii kwa wingi.

Kile kitufe cha kujaribia kibonyeze kila mwezi, ila ujue kinapima betri na sauti tu. Hakikuambii kama kihisio bado kinanusa gesi. Kihisio hudumu miaka 5 hadi 10 kutegemea aina. Igeuze kengele yako leo uniandikie tarehe iliyochapwa mgongoni.

Wako,
Salma